Mizigo ya Ndagala Iliyorudi Baraka

Vijana wa idara ya umisheni mmeniomba mara nyingi niandike jinsi tulivyofanya kazi zamani. Sasa nimestaafu na sina kisingizio tena. Mishahara sitaitaja, kwa sababu hakuna atakayeniamini, na vyeo nitaviruka, maana vilinijia kadiri wenzangu walivyozeeka. Nitaandika juu ya mtu kutumwa. Ndiyo kazi yenu ya kila siku, na mimi niliifanya muda mrefu kabla ya kuielewa.

Niliingia kazini miaka ya hamsini, Wabelgiji wakiwa bado wameshika nchi, katika stesheni ya misheni karibu na Baraka. Nilikuwa nimemaliza shule ya misheni, mwandiko wangu ulisomeka, basi. Siku ya kwanza mkuu wa stesheni aliniingiza bironi, ofisini mwake, akanionyesha ramani ya dunia iliyofunika ukuta mzima. Ilikuwa imechomwa pini zenye vichwa vyekundu: India, Brazili, Japani, na visiwa ambavyo majina yake sikuweza hata kuyatamka. Alinieleza kwamba kila pini ni stesheni ya kanisa letu, na kila pini ilikuwa na uzi uliokwenda mpaka mji mmoja wa ng'ambo, ambako Baraza la Misheni lilikaa na kuamua nani aende wapi. Nikamwuliza sisi tuko pini gani. Akaweka kidole pembeni mwa ziwa letu. Ziwa lililomeza watu wengi wa ukoo wangu lilikuwa jembamba kama utambi wa taa, na jambo hilo lilinishughulisha siku nzima.

Mkuu huyo tulimwita Bwana Ramani. Alikuwa mrefu, mwenye haraka, na alisema Kiswahili cha kitabu, kila neno limenyooka. Sisi tulimjibu kwa Kiswahili chetu cha huku na tulielewana vizuri, isipokuwa akikasirika. Kwa kuwa nilikuwa na maswali mengi kuliko kazi, hazikupita siku nyingi akanipeleka depo, ghala la stesheni, kwa Mzee Abwe, nadhani ili nimchoshe yeye.

Mzee Abwe alikuwa mfungaji wa mizigo. Kila kitu kilichotoka stesheni kwenda kwa walimu na wainjilisti wa vijijini kilipita mikononi mwake, na siku zile barabara ziliishia karibu, kwa hiyo mizigo mingi ilikwenda juu ya vichwa vya watu. Alinifundisha kwamba chumvi haikai na vitabu, kwamba chupa ya mafuta ya taa inavishwa nguo kama mtoto mchanga, na kwamba kitu kitakachohitajika kwanza kinafungwa mwisho. Nikisema nimemaliza kufunga, hakuniangalia.

"Beba weye kwanza," alisema. "Zunguka depo yote. Njo utaniambia kama umefunga muzuri."

Nilizunguka depo ile mpaka shingo yangu ikawa ya mtu mzima.

Makasha ya kutoka ng'ambo nayo tulifungua sisi. Siku moja tulikuta kasha limejaa makoti ya sufu, mazito, ya kuvaa penye theluji. Hapa Baraka, ambapo saa sita mchana hata shati ni taabu! Mzee Abwe alilishika koti moja, akaligeuzageuza, kisha akalikunja tena kwa heshima.

"Iko mutu huko anatupenda," akasema. "Tu hajatuuliza."

Makoti yale yalipata kazi baadaye, kama mtakavyoona.

Baraza lilikuwa na sheria moja iliyotumika kwenye pini zote, kutoka Brazili mpaka Japani: anayetumwa asiwe mzigo kwa watu anaowaendea. Stesheni iliyomtuma impelekee chakula, sabuni, mafuta, kila kitu, ili mtu yeyote asije akasema huyu amefuata kula. Bwana Ramani aliipenda sheria hiyo kuliko zote. Sisi pia tuliipenda. Mkwe akija kwako mikono mitupu utamfikiriaje?

Basi mwaka mmoja, kwenye mkutano wa kanisa, Bwana Ramani alileta ramani yake na kuisimamisha mbele ya watu ili tuone kazi ya Mungu ilivyoenea. Alipomaliza aliuliza kama kuna swali. Mama Riziki akasimama. Alikuwa kiongozi wa wamama wa kanisa, mkaushaji wa ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu, mwanamke wa sauti na mabega.

"Bwana, hizi nyuzi zote iko inaleta batu kwetu," akasema. "Uzi ya kupeleka mutu wetu kwa bengine iko wapi?"

Bwana Ramani alitazama ramani kana kwamba uzi huo ulikuwa umedondoka nyuma. Kisha akacheka, akakubali kwamba haupo. Siku ile ile wamama walianza kusema kwamba kama kanisa la Baraka ni kanisa kweli, basi litume mtu wake, na litamlisha lenyewe. Hawakutaka msaada wa ng'ambo hata wa sindano.

Aliyechaguliwa ni Mwinjilisti Wilondja, mtoto wa wavuvi wa Mboko, pamoja na mke wake Nyassa. Walitumwa milimani penye baridi, mbali kupita Fizi, kwa wafugaji wanaosema Kinyarwanda, upande ambao haukuwa bado na kanisa. Wafugaji wale tuliwajua kidogo tu, wakishuka sokoni kuuza siagi na ng'ombe. Wamama walileta unga wa muhogo, mawese, chumvi, na magunia ya ndagala waliokauka vizuri, waliochaguliwa mmoja mmoja, hakuna aliyevunjika kichwa. Mimi ndiye niliyefunga. Yale makoti ya sufu niliyaweka juu, ya kuvaliwa kwanza, na Mzee Abwe akatikisa kichwa kwa kuridhika. Siku ya kuondoka watu waliimba mpaka mwisho wa kijiji. Mama Riziki alilia wazi, bila kujifuta.

Tangu hapo, kila msimu mizigo ilipanda. Wabebaji waliporudi tuliwauliza habari, na habari ilikuwa ile ile: Wilondja ni mzima, watu wa kule ni wazuri, wanasalimia vizuri sana, wanasimama mbali kidogo, wanakwenda zao. Hakuna aliyeingia nyumbani kwake. Hakuna aliyemwalika kwake. Ibada ya Jumapili ilikuwa Wilondja anahubiri na Nyassa anasikiliza, naye mahubiri yale alikwisha yasikia yakitayarishwa.

Wamama wa Baraka walisikitika. Wakaamua kumtia nguvu kwa njia wanayoijua, wakaongeza ndagala.

Ndipo akaja mjumbe wa Baraza kutoka ng'ambo. Alikuwa mwanamke wa makamo, hakuolewa, tulimwita Mamzeli. Alikuwa amekwisha kagua stesheni za India na za Brazili, na alishuka garini, akitokea Uvira, vumbi la Makobola na Mboko likiwa bado kwenye nyusi zake, akaanza kuuliza maswali kabla ya kunywa maji. Nilimpenda papo hapo. Alitaka kujua kila kitu, mpaka jinsi tunavyofunga fundo. Lakini alipofika kwenye habari ya Wilondja aliacha kuuliza. Kwa utaratibu wa Baraza, kituo kisichopata hata msikilizaji mmoja kilifungwa. Alikuwa anakwenda kwanza Kazimia na vituo vya kusini. Akirudi, angemsikiliza Wilondja mwenyewe na kukata shauri.

Bwana Ramani aliniita pembeni. "Panda ukamlete, pamoja na vitu vyake vyote," aliniambia. "Nadhani jibu ni moja tu."

Alikuwa na huzuni, na mimi nilikuwa na uchungu zaidi, kwa sababu nilijua maana yake. Wilondja angerudishwa kama mzigo uliokosa mwenyewe, na wamama wangejibiwa kwamba kanisa la huku ni la kupokea tu. Hakuna ambaye angethubutu kuuliza tena habari ya ule uzi.

Nikapanda na wabebaji wawili. Gunia la ndagala la msimu lilikuwa tayari, tukalichukua, maana aliye njiani lazima ale. Fizi tulipita kwa Administrata, mkuu wa serikali wa wilaya, kugonga mhuri kwenye hati za njia, kisha tukaanza kupanda kweli, mpaka miti ikaisha, nyasi zikaanza, na pumzi ikawa ya kuomba. Jioni, kabla ya kufika kwa Wilondja, mvua ilitusukuma kwenye boma la mama mmoja mjane, Mama Nyamahoro, mwenye ng'ombe na wana wakubwa. Kiswahili alikuwa amekipata sokoni. Alitupokea vizuri, akatuweka karibu na moto, akatupa mahindi ya kuchoma. Ila mzigo wa samaki aliomba mwanawe auchukue. Ukapelekwa ng'ambo ya boma, mbali, upande upepo unakokwenda, ukafunikwa vizuri usilowe.

Mimi kitu kama hicho siwezi kukipita.

"Mama, juu ya nini muzigo yangu inalala mbali hivi?"

"Italala muzuri," akajibu.

"Najua italala muzuri. Lakini juu ya nini mbali?"

Akafunika mdomo kwa kiganja, akacheka. "Mwana wangu, weye unauliza sana."

"Njo kazi yangu, mama."

Aliongeza kuni, nami nikangoja. Mwishowe akasema polepole, kama mtu anayeogopa kuniumiza. Samaki na maziwa havikutani. Mtu aliyekula samaki akinywa maziwa, ng'ombe aliyekamuliwa anapata shida, chuchu zinakauka. Wazee wao waliwaachia hivyo. Kwa hiyo Wilondja hawakuweza kumpa maziwa, na kwao mgeni asiyepewa maziwa hajakaribishwa. Ukimwingiza ndani na kumketisha mdomo mkavu, umemtukana.

"Kwa nini hamukumuambia?"

"Mugeni anakula chakula ya kwao, nimuambie ni mubaya? Sikulelewa hivyo, mi."

Nilishika kichwa. Magunia yote yale! Kumbe kila msimu tulikuwa tunampandishia Wilondja ukuta.

"Lakini samaki si kitu," Mama Nyamahoro akaendelea. "Samaki mutu anaweza kuacha. Iko ingine."

"Gani, mama?"

"Alikuja na unga yake, na chumvi yake, na mafuta yake. Ikiisha, ingine inapanda. Hajaniomba hata kaa la moto. Tukasema, huyu hatuhitaji sisi. Sasa tukaongee naye nini?"

 Nilikaa nikitazama moto na kuiwaza ile sheria nzuri ya Baraza, iliyoandikwa na watu wema ili mtumishi asiwe mzigo kwa mtu.

Asubuhi tulifika kwa Wilondja. Nyumba yao ilikuwa safi mno, kama nyumba isiyotembelewa. Wote wawili walikuwa wamevaa makoti ya ng'ambo. Niliwaeleza yote, ya Mamzeli na ya Mama Nyamahoro. Wilondja aliinuka akatembea huku na huku.

"Sasa mi nikuwe muombaji? Muinjilisti wa kanisa anazunguka kwa batu na sahani?"

"Mimi niko nimechoka kusikiliza mahubiri peke yangu," Nyassa akasema. Alikwisha anza kutoa magunia ndani, akanigeukia mimi. "Alimasi, funga samaki yote. Na unga. Na chumvi. Uache sabuni, nitasugua masufuria harufu ya samaki iishe."

"Nyassa!"

"Kama tunashuka, vitashuka. Kama tunabaki, vishuke vilevile."

Nilifunga. Sijawahi kufunga mizigo kwa wasiwasi namna ile, kwa sababu nyumba ilipobaki tupu, ilikuwa tupu kweli, na nilikuwa nimeagizwa nirudi na watu, si na chakula chao peke yake. Wilondja alitoka akaenda mpaka mlangoni pa boma la Mama Nyamahoro. Nilimfuata kwa mbali. Alisimama pale na koti lake refu, akavua kofia, akashindwa kusema. Mama akangoja. Na mimi nilisimama nikimwombea apate sauti.

"Mama," akasema mwishowe, "kwangu hakuna chakula."

Mama Nyamahoro alimtazama sana. "Hata samaki?"

"Hata samaki."

"Ingia. Maziwa itangoja kwanza mwili yako isafike. Lakini maharagi iko."

Kabla jua halijazama nyumba ya Wilondja ilikuwa imejaa. Mmoja alileta kuni, mwingine viazi, wengine hawakuleta kitu, walikuja tu kumtazama mtu wa misheni mwenye njaa. Wakakaa. Wakauliza anatoka wapi, mama yake yuko hai, ziwa ni pana kiasi gani. Nyassa alicheka usiku ule kama msichana. Asubuhi nilimkumbusha Wilondja agizo la Bwana Ramani.

"Sishuki," akasema. "Nikishuka leo, nani atakula ile viazi yao?"

Nikashuka na wabebaji na mizigo. Nilifika Baraka siku ya soko, na soko la Baraka halina siri. Kabla sijafika depo wamama walikuwa wamenizunguka. Mama Riziki alifungua gunia, akatia mkono, akanusa.

"Ni yetu," akasema. "Haijaharibika."

"Mama, nitaeleza..."

"Banatukatalia?"

Nilieleza. Nilieleza yote, mara mbili, lakini niliona maneno yangu hayaingii. Alikuwa amewachagua ndagala wale mwenyewe, kwa vidole vyake, na sasa wamerudi. Aliwaambia wenzake wabebe magunia, wakaondoka bila kelele, na kwa mama yule kuondoka bila kelele kulinitisha. Majuma kadhaa aliniitikia salamu tu.

Mamzeli aliporudi kutoka kusini alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza maswali mazuri, akaniomba nirudie habari ya maziwa. Kisha akasema, kwa kinywa cha Bwana Ramani aliyemtafsiria, kwamba yeye hakuandika sheria. Mtumishi asiyelishwa na stesheni yake si mtumishi wa stesheni hiyo. Wilondja aitwe ashuke. Mtu akapelekwa kumwita. Mamzeli mwenyewe alikuwa hawezi kuondoka, mvua zilikuwa zimekata barabara ya Uvira karibu na Makobola, basi akakaa akingoja, akijifunza kusonga ugali.

Tulikuwa tumekusanyika kanisani, wamama wote wapo, tukijua kwamba Wilondja atafika siku yoyote. Mlango ukafunguliwa. Aliyeingia ni Mama Nyamahoro na mwanawe mmoja, fimbo mkononi, matope mpaka magotini.  Nikamtambulisha. Bwana Ramani akamwuliza kwa adabu Wilondja yuko wapi.

"Hashuki," akajibu.

"Mama, ameitwa na kanisa lake."

"Nasikia. Njo nimekuja niseme. Mi na bana bangu tumemupa ng'ombe. Ndama ya kike, iko muzuri. Mutu mwenye amepokea ng'ombe yetu ni mutu ya kwetu. Na ng'ombe ya kule haiishi huku ku ziwa, inakufa na magonjwa. Sasa ng'ombe haishuki. Naye hashuki."

Bwana Ramani alitafsiri. Mamzeli alimsikiliza, akamtazama mama yule, akatazama fimbo yake, kisha akauliza kama kuna watu wanaomsikiliza Wilondja. Mama Nyamahoro akasema ndiyo, wanakuja kila jioni, na wengine wanabishana naye mpaka anachoka.  Mamzeli akasema kwamba katika nchi zote alizokagua, sheria haikuwa na neno lolote juu ya ng'ombe. Basi abaki na ng'ombe wake.

Watu walipiga makofi, lakini mimi nilikuwa namtazama Mama Riziki. Hakupiga. Alisimama, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ni mutoto wetu," alimwambia Mama Nyamahoro. "Tulimulisha. Sasa tukitaka kumuona?"

"Mupande."

"Tulete nini?"

"Musilete kitu."

"Hata kidogo? Chumvi?"

"Hata chumvi. Mukuje mikono mitupu."

Mama Riziki aliitazama mikono yake. Katika maisha yake yote hakuwahi kuingia nyumba ya mtu hivyo, na wamama waliokuwa nyuma yake walianza kunong'ona kwamba haiwezekani, ni aibu, watasema nini. Akawageukia, wakanyamaza.

"Tutapanda," akasema.

Walipanda mvua zilipokwisha. Kabla ya safari waliacha samaki, wakinung'unika kila walipoketi kula, na mimi niliacha pamoja nao kwa kuwa nilikuwa kiongozi wa njia. Ilikuwa safari pekee katika kazi yangu yote ambayo sikufunga mzigo wowote. Wale wamama wa ziwani walitembea kwa mstari kwenye njia ya nyasi, vichwa vitupu, na watu waliotukuta njiani walisimama kutuuliza kama tumeibiwa. Mama Riziki alikuwa mbele. Aliikunja mikono kifuani, akaikunjua, akaiweka mgongoni, akashika kitenge, akaachia. Njia nzima hakujua aiweke wapi.

Mama Nyamahoro alikuwa ametuona tangu bonde la mwisho. Alitoka bomani na chombo cha mti chenye kifuniko cha kusukwa, Wilondja na Nyassa wakiwa nyuma yake, na hakumsalimia Mama Riziki kwanza. Alimwekea chombo mikononi, kimejaa maziwa, kizito, na Mama Riziki akakishika kwa mikono yote miwili, akanywa.